Mkono wa Mzee Makokha

Nanjala alinipigia simu asubuhi, hata sijamaliza kufagia mbele ya studio yangu hapa Kitale, na kwa jinsi alivyonisalimu, "Anti, mulembe," halafu akanyamaza, nilijua. Baba yake, Mzee Wekesa, mpiga litungu, kile kinubi cha Wabukusu, alikuwa amefariki hospitalini Bungoma. Sikulia pale pale. Nilikaa kwenye kile kiti ninachowakalisha watu wa picha za pasipoti, nikamsikiliza akinieleza mipango: mazishi ni Jumamosi, kamati imeshakaa, mahema yamepatikana, ila picha ya kuweka juu ya jeneza ndiyo bado. Alikuwa na moja tu ambayo yeye na ndugu zake waliipenda. "Ni ile ulimpiga wewe, ile ya kwa steji," akasema. "Nimekutumia kwa simu. Lakini huyo mwingine umtoe, anti. Kamati inasema kwa jeneza mtu anakuwa peke yake."

Nikaifungua kwenye kompyuta. Mzee Wekesa ameketi, litungu liko mapajani, mdomo wazi, jasho linamtiririka hadi kwenye kola ya shati. Kutoka upande wa kulia umeingia mkono wa mtu mwingine, umepanda mpaka kwenye kile kijiti cha juu ambako nyuzi zote hufungwa, na vidole vyake vinaukaza uzi mmoja. Mwenye mkono ni Mzee Makokha, mpiga silili, ile fidla ya Wabukusu iliyowambwa ngozi ya kenge. Kumtoa mtu pichani siku hizi ni kazi ndogo. Watu huniletea picha za harusi nikawaondolea waume waliowaacha, na chai yangu haijapoa. Nikaanza kumfuta Mzee Makokha, bega kwanza, kisha sikio, kisha kofia. Nilipofika mkononi nikasimama. Niliutazama ule mkono muda mrefu, na badala ya kufanya kazi nikajikuta niko Bungoma tena, mwaka wa elfu mbili na tatu, nina miaka ishirini na mmoja, na kamera ya kuazima shingoni.

Mwaka ule niliishi katika chumba kilichokuwa nyuma ya studio ya Mama Halima, karibu na msikiti. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na dirisha moja, na ukutani yameegemezwa yale mapazia makubwa yaliyochorwa ambayo watu walipigiwa picha mbele yake: moja la maporomoko ya maji, moja la ndege inayoruka juu ya maghorofa. Nililala kati ya maporomoko na ile ndege, na sijawahi kulala vizuri zaidi ya hapo. Studioni kulikuwa na koti moja jeusi la wateja, tai mbili, kitana kilichofungwa kamba kisiibwe, na mkebe wa poda. Wakulima kutoka Sirisia na makarani kutoka ofisi za wilaya walivaa koti lile lile, na ukizipanga picha za mwaka mzima ungedhani Bungoma nzima ni ukoo mmoja wa watu wenye koti moja. Saa saba tukifunga mlango tulikula ugali na omena kwenye sinia moja, Mama Halima akinifundisha kazi kwa mdomo uliojaa chakula. Alikuwa na msimamo wake kuhusu picha na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. "Rehema, mtu hupigwa picha akiwa ametulia," alisema. "Akiwa kazini hajui uso wake uko wapi. Ukimpiga hivyo, ni kama umemchungulia akioga." Nilimpenda Mama Halima, na katika jambo hilo niliona amekosea kabisa.

Nafasi ya kumpinga Mama Halima niliipata Mwalimu Barasa alipokuja. Alikuwa mwalimu wa shule ya upili aliyependa maigizo kuliko somo lolote alilolipwa kulifundisha, na alikuwa na kikundi cha waigizaji vijana na wanamuziki wazee. Walikuwa wanatayarisha mchezo wa jukwaani, wenye litungu na silili kutoka mwanzo hadi mwisho, wa kuonyeshwa katika ukumbi mmoja mjini Kitale mwisho wa mwaka. Alitaka mtu wa kuwafuata na kamera mpaka siku hiyo. Mama Halima akanitoa mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeanza kumchosha kwa maneno.

Walifanyia mazoezi katika stoo ya mfanyabiashara wa mahindi, wakati ambapo mahindi hayakuwepo. Nikifumba macho bado nainusa: vumbi la magunia, mafuta ya taa, na jasho la watu wanaocheza mabega kwa bidii. Siku ya kwanza niliingia wakiwa katikati ya wimbo, na nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama kile kwa karibu. Nikainua kamera haraka. Muziki ukakatika. Wote, wazee kwa vijana, wakaacha walichokuwa wanafanya, wakajinyoosha, wakafunga vifungo vya mashati, wakanikazia macho bila kucheka. Binti mmoja aliyekuwa akiigiza kufa aliamka, akajipangusa vumbi, akasimama wima na wenzake. "Piga," akasema Mzee Wekesa kwa sauti ya mtu anayesubiri sindano. Nikapiga. Wakarudi kwenye wimbo, yule binti akarudi kufa. Nikainua kamera tena, wakaacha tena.

Ilikuwa hivyo juma zima. Nilipeleka filamu mbili Eldoret kusafishwa, na zikarudi na picha za watu waliosimama kama wanaapishwa. Hapo ndipo nilipogundua ujanja wangu, na niliugundua kwa bahati. Siku moja filamu iliniishia kweli. Nikasema kwa sauti, "Filamu imeisha," na nikaona mabega ya watu wote yakishuka. Mzee Makokha alifungua kifungo cha shingo. Mzee Wekesa akainamia litungu lake akaimba kana kwamba sipo, na uso wake ukawa uso ambao sikuwa nimeuona hata mara moja. Tangu siku hiyo nilifika stoo, nikawapiga picha mbili tatu za kuapishwa ili waridhike, kisha nikaitikisa kamera sikioni, nikasema "Filamu imeisha," na kazi yangu halisi ikaanza. Ngoma zilificha mlio wa kamera. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini filamu zangu ziliisha mapema kiasi kile.

Wazee wale wawili ndio niliowapiga zaidi, na leo naweza kusema wazi kwamba niliwapenda. Walipashwa tohara mwaka mmoja, na kwa Wabukusu hilo ni jambo zito. Watu wa namna hiyo huitana bakoki, na wana haki ya kutaniana matani ambayo ndugu wa damu hawezi kuyathubutu. Mzee Wekesa alikuwa mrefu, mwepesi wa maneno, anayependa kutazamwa. Mzee Makokha alikuwa mfupi, kimya, na kofia yake ya sufi haikutoka kichwani hata kwenye joto la saa nane. Wakati wa chai walikaa kwenye gunia moja na kugawana kiazi kitamu kimoja, kila mmoja akilalamika kwamba mwenzake amechukua upande mkubwa. "Huyu alizaliwa na njaa," Wekesa angesema. "Na wewe ulizaliwa na mdomo," Makokha angejibu, na hayo ndiyo yangekuwa maneno yake ya siku nzima. Muziki wao ulikwenda vivyo hivyo: litungu likizungumza na kuzungumza, silili ikiingia pale tu penye haja.

Halafu ikaja harusi ya Webuye. Mwalimu Barasa alikuwa amealikwa na kikundi chake, nami nikaenda na kamera. Sasa, mpiga litungu kwenye sherehe ana kazi moja ambayo watu humngojea: hutaja majina. Katikati ya wimbo humwita mtu kwa jina, na jina la baba yake, na kijiji chake, akamsifu kidogo au akamchokoza kidogo, na mtu huyo husimama akacheza. Nimeona mwanamume mkubwa, meneja, akijifanya hasikii huku masikio yamemsimama akingoja zamu yake. Siku hiyo Mzee Wekesa alikuwa moto. Aliwataja wazazi wa bibi harusi, akawataja wa bwana harusi, akamtaja mchungaji, wapishi, kijana wa jenereta. Akanitaja na mimi, Rehema wa Kitale, msichana anayekula watu kwa jicho moja. Nikacheza vibaya na watu wakafurahi. Kisha akawataja wenzake wa kikundi, mpiga ngoma, mpiga njuga, wachezaji mmoja mmoja. Akamaliza wimbo. Watu wakapiga vigelegele. Na Mzee Makokha, aliyekuwa ameketi bega kwa bega naye mchana kutwa akimpigia, hakutajwa.

Nilimwona. Nilikuwa nimeinua kamera na nilimwona kupitia kwenye kioo. Alingoja kidogo, upinde bado uko kwenye nyuzi, kama mtu anayedhani wimbo una ubeti mmoja uliobaki. Kisha akaifunga silili yake ndani ya kitambaa, taratibu, akaenda kusimama na wapishi. Sikuipiga picha hiyo.

Kuanzia hapo hawakusemeshana. Mazoezini Makokha alikuja kwa wakati, akapiga kila alichotakiwa kupiga, lakini alihamisha kiti chake upande wa pili wa stoo na kukigeuza kielekee ukutani. Mwalimu Barasa alimwomba, akamtuma mke wake amwombe. "Alitaja mpaka kijana ya jenereta," Makokha alimwambia Mwalimu, nami nikiwa pale namimina chai. "Alitaja mpaka huyu msichana ya firamu. Mimi nilikuwa nini pale, kiti?" Nilitamani ardhi inimeze. Lile jina langu nililolifurahia sana sasa lilinikaa kama kiatu cha mtu mwingine. Nikaenda mwenyewe kwa Mzee Wekesa, nyumbani kwake nje kidogo ya mji. Alinikaribisha kwa kuku na ugali wa wimbi, na Nanjala, aliyekuwa msichana wa shule, akaniletea maji ya kunawa. Nilimwambia amwombe mwenzake msamaha. Akatafuna kwanza. "Mimi sikumsahau, binti," akasema. "Huyo ni kama mkono wangu, bana. Sasa ni nani anaimba jina ya mkono wake?" Niliyabeba maneno hayo mpaka stoo nikadhani yatamlainisha Makokha. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie mkono iko na jina," akasema. Kisha akamwambia Mwalimu Barasa kwamba atakwenda Kitale kwa ajili ya watoto waliofanya mazoezi mwaka mzima, halafu akirudi ataitundika silili na hataishusha tena. Tulimjua. Hakuwa mtu wa kusema jambo la kutisha watu tu.

Kabla ya safari ya Kitale ilibidi iwepo bango la kutangaza mchezo, na Mwalimu alitaka wazee wote wawili waonekane. Walikuja studioni siku tofauti, kila mmoja akavaa lile koti jeusi, kila mmoja akashika chombo chake kifuani. Mama Halima akachukua mkasi na gundi. Alijivunia kazi hiyo. Alikuwa ameshawaunganisha watu waliokuwa miji tofauti na hata mmoja aliyekuwa ameshazikwa. Wazee wakatoka wakiwa wamekaa pamoja mbele ya maporomoko ya maji, katika koti moja lile lile, kila mmoja anatazama nje. Bango likabandikwa kuanzia Bungoma mpaka Moi's Bridge. Makokha aliliangalia siku nzima, kisha akaniita. "Kivuli yake imelala huku," akasema akionyesha, "yangu imelala huku. Ata jua haikutuweka pamoja." Sikujua nicheke au nilie, naye hakunionyesha anataka lipi.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa, watu wa Kitale wa kila namna: wakulima waliotoka kanisani wakiwa na suti, wafanyabiashara waliorudi kutoka Suam na mizigo yao, majirani zangu wa msikitini waliokuja kuona kama kweli Rehema ana kazi. Nilisimama pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, mahali ambapo waigizaji wanapishana wakinong'ona na kukanyagana. Mzee Makokha alikuwa amekigeuza kiti chake kama kawaida. Aliponiona na kamera akanikunjia uso. "Mimi na yeye, usitupige pamoja," akasema. Nikaitikisa kamera sikioni. "Filamu imeisha, mzee," nikamwambia, naye akatazama mbele.

Mchezo ulikwenda vizuri, na ulipofika mahali ambapo mama wa shujaa anaomboleza, waigizaji wote hunyamaza na kubaki wazee peke yao. Hapo ndipo uzi mmoja wa litungu ulipolegea. Hata mimi nisiye Mbukusu nilisikia: sauti moja ikashuka, ikawa inaburura miguu nyuma ya zingine. Mzee Wekesa hakuwa na la kufanya. Mikono yake miwili ilikuwa kazini, na kuacha kupiga pale kungeua ule uombolezaji wote. Akaendelea kuimba, lakini nilimwona macho yanatafuta. Nyuma yangu Mwalimu Barasa alisema "Yarabi" ingawa alikuwa Mkristo tena mzee wa kanisa.

Mzee Makokha aliweka upinde chini. Akainuka, akakigeuza kiti chake, akakisogeza mpaka goti lake likagusa goti la mwenzake. Bila kumtazama usoni, akanyoosha mkono mpaka kwenye kijiti cha juu, akaukamata ule uzi pale ulipofungwa, akauzungusha kidogo, akasikiliza, akauzungusha tena, wakati Wekesa anaupiga. Uzi ukapanda polepole mpaka ukafika mahali pake. Nami nilikuwa na kamera usoni, nalia na kupiga kwa wakati mmoja, jambo ambalo simshauri mtu.

Na Mzee Wekesa akataja jina. Halikuwa katika mchezo, na shujaa alikuwa bado hajazikwa, lakini alilitaja: Makokha, na baba yake, na baba ya baba yake, na mto walimooga asubuhi ile ya baridi ya tohara yao, walipokuwa wavulana wawili wanaotetemeka kwa pamoja. Aliimba hayo ubeti baada ya ubeti, na alasiri ile hakumtaja mtu mwingine yeyote. Makokha hakusimama kucheza. Alibaki ameshika ule uzi ingawa ulikuwa umeshakaa sawa, kofia imeinama, na alipouachia aliokota upinde, akaingia na silili pale tu penye haja.

Picha iliporudi kutoka Eldoret, Mama Halima aliishika kwa ncha za vidole. "Mmoja mdomo wazi, mwingine uso nusu," akasema. "Nani ataining'iniza hii?" Mzee Wekesa aliining'iniza. Aliiweka sebuleni juu ya redio, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma dhidi ya vumbi, na kila mgeni alionyeshwa mkono kwanza, kisha yeye. Silili haikutundikwa. Waliendelea kupiga pamoja miaka mingi baada ya mimi kurudi Kitale na kufungua studio yangu, na nilipowasikia mara kwa mara kwenye sherehe, jina la kwanza kutajwa lilikuwa lile lile.

Basi nikampigia Nanjala. Nikamwambia mwili wa Mzee Makokha nimeutoa lakini mkono hautoki, umekamata litungu, nikiukata nitaharibu litungu na mashavu ya baba yako. Hilo lilikuwa kweli kidogo tu, kwa kuwa kompyuta yangu ingeweza. Nikamwambia ninayo nyingine, ya studioni, yuko peke yake na koti jeusi. Nikamtumia. Nikasikia watu wa kamati wakiongea nyuma yake. "Hiyo si baba, anti," akasema mwishowe. "Hiyo ni mtu ameitwa na chifu. Rudisha ile ingine, na huyo mzee umrudishe vile alikuwa. Kamati nitaongea nao mimi."

Sijui aliwaambia nini, lakini Jumamosi picha ilikuwa juu ya jeneza, watu wawili, mmoja mdomo wazi na mwingine uso nusu. Mzee Makokha aliletwa akishikwa mikono huku na huku, amekonda, kofia ni ile ile au dada yake. Wakamkalisha karibu kabisa. Aliitazama picha, kisha akamwambia mchungaji aliyekuwa kando yake, kwa sauti ya kawaida tu, "Huo mkono ni yangu." Mchungaji akaitikia. Baadaye walipomwomba aseme neno la mwisho kwa rafiki yake, akakataa kusema, akaomba silili. Aliifungua kutoka kwenye kitambaa, akajipanga, akainua kichwa, na hapo ndipo aliponiona nimesimama na kamera upande wa wanawake.

Akashusha upinde. Watu wakageuka kunitazama, na nilidhani atanifukuza.

"Binti ya Kitale," akasema. "Firamu imeisha?"

Kamera yangu haijatiwa filamu miaka mingi sasa. "Imeisha, mzee," nikasema.

"Najua vile huwa inaisha," akasema, na mabega yake yakashuka. Akaweka upinde kwenye nyuzi, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akiimba, akaanza kwa jina la Wekesa. Nikainua kamera.